Jino Halingoji Msimu wa Pamba

*Mhadhara uliotolewa Bariadi mjini mbele ya walimu, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na wananchi, siku chache kabla ya tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani*



Salamu yangu mmeiitikia kwa sauti ya watu wasioumwa jino. Hiyo ni dalili njema, maana nimewahi kusimama mbele ya darasa zima huku upande mmoja wa shavu umevimba kama embe bolibo, na siku ile hata salamu niliitoa kwa mkono.

Kwanza niwashukuru waandaaji kwa kumwita mwalimu mstaafu wa hisabati kuzungumzia meno. Hapa ukumbini wapo wanaoyajua meno kuliko mimi, nao watanisahihisha nikikosea. Mimi nimekuja na chaki tu. Baada ya kustaafu nilikuwa mweka hazina wa chama cha msingi kwa muda, na swali nililoulizwa mara nyingi msimu wa malipo ni hili: “Mwalimu, hii bima, na hasa mambo ya meno, inalipa au inakula hela yetu?” Aliyekuwa akiniuliza alikuwa ameshika fedha za pamba mkononi. Nilimjibu haraka haraka ili foleni isogee, na leo nalipa deni hilo la jibu.

Lengo langu basi ni moja: kuwapa njia ya kupima kama sehemu ya meno katika bima ya afya ina thamani kwa kaya yako. Sitamuuzia mtu kadi. Nitatoa hoja sita, kisha nitaomba mambo matatu.

Hoja ya kwanza: Jino halikai vizuri ndani ya bima

Bima ilibuniwa kwa ajili ya balaa kubwa lisilotokea mara nyingi. Meli inazama, ghala linaungua. Watu elfu wanachanga kidogo kidogo, na yule mmoja aliyeunguliwa anasimamishwa tena. Hesabu inakubali kwa sababu wanaounguliwa ni wachache.

Jino limekaa kinyume. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu bilioni 3.5 hivi wana maradhi ya kinywa. Ni karibu nusu ya wanadamu wote. Balaa linalompata nusu ya watu ni gumu kulikatia bima, kwa sababu wanaochanga ndio haohao wanaodai. Zaidi ya hapo, jino huoza polepole na mwenyewe unalijua. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu akitafunia upande mmoja, halafu siku anaposikia kuna bima ya meno anakimbia kujiandikisha. Mweka hazina gani atakubali? Ni sawa na kutaka kujiunga na chama cha kuzikana huku maiti iko ndani.

Mnacheka, lakini jambo hilo limeshatutokea. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, ilikuwa na mchango wa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi wakawa wanamkumbuka mtoto pale alipoanza kuumwa. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waingie kwa makundi kupitia shule zao. Kelele zilikuwa nyingi. Kwa mtu wa hesabu sababu ilikuwa wazi: mfuko wanaoingia wagonjwa peke yao hauwezi kudumu.

Hata nchi tajiri jino limezisumbua. Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, meno yakiwa bure pamoja na mengine. Haikufika miaka mitatu. Mwaka 1951 serikali ikaamua wananchi wachangie meno bandia na miwani, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma ile, akajiuzulu. Ninyi mnaosema meno ni jambo dogo, huyo hapo aliyeacha uwaziri kwa ajili yake! Marekani nako, mwaka 1954, chama cha wafanyakazi wa bandari za pwani ya Pasifiki kilidai watoto wa wanachama walipiwe matibabu ya meno. Mipango ya namna hiyo ikasambaa nchi nzima, ila kwa sharti: bima ya meno ya kule kwa kawaida ina kikomo cha mwaka. Ukikivuka, unalipa mwenyewe.

Kwa hiyo mara nyingi, meno ndiyo ya kwanza kupunguziwa mafao na ya mwisho kuongezewa. Ukipewa kadi yoyote, anza na hilo kichwani.

Hoja ya pili: Gharama ya jino hupanda ngazi

Kama bima haifai sana kwa jambo la kila siku, kwa nini tusiishie hapo, kila mtu ajilipie? Kwa sababu jino lina ngazi, na kila unapokawia unapanda daraja.

Sukari inabaki mdomoni, vijidudu vilivyo kwenye ukoga vinaila na kutoa asidi, asidi inakula ngozi ngumu ya jino. Hiyo ni ngazi ya chini. Kuna kitobo, hakiumi. Daktari anachonga kidogo, anaziba, unarudi kazini siku hiyohiyo. Ukikiacha, kitobo kinaingia ndani ambako jino ni laini, nawe unaanza kusikia maji baridi. Ukikiacha tena kinafika kwenye mshipa, usingizi unakatika. Hapo kuziba pekee hakutoshi: ni kutibu mzizi, jambo la kwenda na kurudi, au kung'oa. Ukiacha na hapo, usaha unatunga chini ya jino, shavu linavimba, na mara nyingine uvimbe unashuka chini ya ulimi hadi shingoni na kubana njia ya hewa. Huo ni ugonjwa wa kulazwa, na watu hufa nao.

Ngoja niandike ubaoni. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja ataweka bei ya hospitali yake. Kuziba, 30,000. Kutibu mzizi, 120,000. Kulazwa na kupasuliwa jipu la jino, 250,000. Na kung'oa? 10,000. Mnaona mtego ulipo? Kung'oa ndiko rahisi kuliko vyote. Ndiyo maana kazi kubwa ya kliniki zetu za meno nchini kwa miaka mingi imekuwa koleo. Mtu hachagui kung'oa kwa sababu hapendi jino lake. Anachagua kwa sababu amefika akiwa amechelewa, na mfukoni ana elfu kumi.

Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Elfu kumi ya kung'oa inaonekana nafuu kwa sababu pengo halitoi risiti. Lakini pengo linaendelea kudai: majirani wa jino wanalala kuelekea pale palipo wazi, la juu linashuka kutafuta mwenzake, na nyama inahamia upande wa pili, ambao nao unachoka.

Basi bima nzuri ya meno haipimwi kwa kuuliza kama inalipia kung'oa. Kung'oa utajilipia. Ipime kwa kuuliza: je, itanifikisha kwenye kiti nikiwa bado ngazi ya chini?

Hoja ya tatu: Sisi tunapokea fedha mara moja, jino linauma mwaka mzima

Hoja hii ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa, kwa sababu vitabu vya bima vimeandikwa na watu wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mkoa wetu umekuwa mkoa tangu 2012, ukikusanya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na wilaya zote tano zinaishi kwa pamba. Mizani inafunguliwa kwenye Mei hivi, fedha zinashikika miezi ya kiangazi, kisha zinaisha. Desemba hadi Machi tuko shambani, ghala linapungua, mfuko umekauka. Tunaojuana hatuhitaji kufafanuliana.

Jino langu la shavu lililopasuka lilichagua Februari. Siku ya kwanza nilisukutua maji ya chumvi. Ya pili nikanunua vidonge vya maumivu dukani. Ya tatu nikaweka karafuu, usiku wa nne nikatembea uani hadi jogoo wakawika. Hospitali ya kwanza niliyokwenda ilikuwa na kiti, ila fundi wake alikuwa masomoni na hakuna aliyeachwa badala yake. Hospitali sitaitaja, maana kosa halikuwa la wauguzi walionipokea. Nikauza mbuzi. Februari kila mtu anauza mbuzi ili anunue mahindi, hivyo mnunuzi alinitazama shavu, akanitazama mbuzi, akataja bei kama anayetoa sadaka. Nikapanda basi, Lamadi, Magu, Mwanza, nimejifunga kanga ya mke wangu kichwani, kondakta akidhani nina matubwitubwi. Huko nikachomwa ganzi, jino likatoka kwa dakika kumi. Safari siku mbili, mbuzi mmoja, vipindi kumi na viwili vya hisabati vilivyopotea, kwa kazi ya dakika kumi.

Nilipokaa baadaye nikafanya hesabu, niliona kwamba kilichonishinda hakikuwa bei. Julai ile bei yote ningeimudu bila kuuza hata kuku. Kilichonishinda kilikuwa tarehe.

Sasa angalieni. Kwa mtu wa mshahara, bima inahamisha fedha kutoka kwa mzima kwenda kwa mgonjwa. Kwetu sisi inafanya na kazi ya pili, ambayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza: inahamisha fedha ya mtu yuleyule kutoka Julai kwenda Februari. Ukilipa wakati wa mizani, unajitumia mwenyewe hundi itakayokukuta wakati wa jembe. Hata kama mwisho wa mwaka hesabu ya kuingia na kutoka inalingana shilingi kwa shilingi, umepata faida, kwa sababu shilingi ya Februari ina uzito kuliko ya Julai.

Kuna mzee ameinua mkono. Anasema hiyo kazi hata kibubu kinaweza. Sahihi kabisa, mzee wangu, kama kibubu chako hakijui kalenda ya shule. Cha kwangu huvunjwa kila Januari.

Hoja ya nne: Kadi bila kiti ni karatasi

Hapa nawageukia wataalamu, na wakazi wa mbali na mjini wanisikilize vizuri.

Kwa wengi wetu nchini hakuna kitu kinachoitwa bima ya meno pekee. Jino limo ndani ya kadi ya afya. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, una huduma za kinywa na meno miongoni mwa mafao yake. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao majaribio yake yalianzia Igunga mwaka 1996 na ambao ulipoboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulijengwa juu ya ngazi ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa. Kampuni binafsi nazo huanza na kulazwa, zikaongeza matibabu ya nje, kisha meno na miwani vinawekwa pembeni kama nyongeza yenye kikomo chake. Na sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023.

Lakini kadi haing'oi wala haizibi. Kuziba kunataka mtu aliyesomea, kiti, mashine ya kuchonga, umeme, maji, dawa ya ganzi na dawa ya kuzibia, vyote siku moja mahali pamoja. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kinachobaki ni koleo. Zahanati ya kijijini kwa kawaida haina kiti cha meno. Kwa hiyo mkazi wa mpakani mwa Meatu na mkazi wa Bariadi mjini wanaweza kushika kadi moja, wamelipa sawasawa, lakini wamenunua vitu viwili tofauti. Wa mjini amenunua kuziba. Wa mbali amenunua nauli.

Kabla ya kulipa, nenda na maswali matano. Kituo gani cha karibu chenye kiti kinapokea kadi hii? Je, kinaziba, au kinang'oa tu? Lazima nianzie zahanati nipate karatasi ya rufaa? Kuna muda wa kungoja kabla mafao ya meno hayajaanza? Kikomo ni shilingi ngapi, cha mtu mmoja au cha kaya nzima? Anayekuuzia akishindwa kujibu mawili kati ya hayo, mwambie utarudi.

Na kumbuka kadi ni mkataba wa watu watatu: wewe, mfuko na hospitali. Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama. Wanachama walikuwa wamelipa, kadi zilikuwa hai, mlango ukafungwa. Aliyetegemea kituo kimoja tu cha binafsi alifundishwa somo wiki ile.

Hoja ya tano: Hesabu ya kaya tatu

Turudi ubaoni. Kaya hizi nimezitunga, mtajiona wenyewe mlipo.

Kaya ya kwanza ni ya mwalimu mwenye mshahara wa 800,000. Anakatwa asilimia 3 ya Mfuko wa Taifa, yaani 24,000 kwa mwezi, 288,000 kwa mwaka, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Yeye hana uamuzi wa kununua. Sheria imeshaamua. Swali lake ni la kutumia. Walimu wenzangu, nani kati yetu amekwenda mwaka huu kukaguliwa meno ambayo hayaumi? Mkono mmoja... miwili. Wengine wote tumelipia kiti tukakiacha kitupu. Kadi hii inabeba mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Midomo sita! Kwa kaya hii jibu ni fupi: bima inalipa, wewe ndiye huendi.

Kaya ya pili ni ya mkulima, watu sita, kadi ya jamii kwa ile bei tuliyoitaja ya 30,000. Kwa mtu mmoja ni 5,000 kwa mwaka. Tukichukua shilingi 1,000 kwa kilo ya pamba ili hesabu iwe nyepesi, kadi nzima ni kilo 30. Kwa tarakimu zetu za ubaoni, jino moja lililozibwa limeirudisha fedha yote. Je, asipoumwa jino mtu? Hapo usiipime kadi kwa meno peke yake. Kadi hiyohiyo inabeba malaria na homa ya usiku. Msukuma hampimi ng'ombe kwa maziwa tu, na hali analima naye, anasomba naye, anatolea mahari. Meno ni maziwa ya kadi. Ila kama kiti cha karibu kiko mbali na kinang'oa tu, andika sifuri kwenye sehemu ya meno, kisha amua kwa yale mengine. Mara nyingi bado utalipa, lakini utalipa ukijua unachonunua.

Kaya ya tatu ni ya mfanyabiashara mjini mwenye bima ya kampuni. Anaambiwa aongeze, tuseme, 100,000 kwa kila mtu apate meno, kikomo 300,000. Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli. Kama kazi yake kwa mwaka ni kukaguliwa na kusafishwa meno kwa 40,000, nyongeza ile inampotezea 60,000 kila mwaka. Ni heri aiweke benki. Kama daktari ameshamwambia kuna magego mawili yanataka kutibiwa mizizi, 240,000 kwa tarakimu zetu, nyongeza inalipa, mradi muda wa kungoja umekwisha. Kanuni yake ni hii: nunua nyongeza ya meno ukiwa umeshakaguliwa. Usinunue kwa kubahatisha.

Na kikoba je? Vikoba vingi vina mfuko wa jamii ambao kila mwanachama huweka chochote kila wiki. Kwa jino la elfu kumi au thelathini, mfuko huo unafaa sana: uko karibu, hauna fomu, katibu anakujua. Udhaifu wake ni kwamba wote mnalima pamba ileile chini ya mvua ileile. Mwaka mbaya unawakuta wote siku moja.

Bado nasikia lile neno: “Nililipa mwaka mzima, sikuumwa, hela ikaenda bure.” Wazee, niwaulize. Miaka ya themanini sungusungu walipolinda ng'ombe wetu, kila kaya ilitoa mchango na mtu wa kukesha. Yuko aliyeamka asubuhi akadai arudishiwe usingizi wake kwa sababu wezi hawakuja?

Hoja ya sita: Kuna meno ambayo hakuna kadi itakayoyarudisha

Hii nitaipitia upesi, ila msiibeze.

Baadhi ya visima vya upande wetu, hasa Maswa na Meatu, vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayeyanywa kwa wingi kabla meno ya ukubwani hayajaota huyapata yakiwa na madoa ya kahawia, na bima kwa kawaida huyahesabu madoa hayo kuwa urembo. Magadi ya kulainishia maharage nayo huwa na floridi. Dawa hapa ni maji: maji ya mvua kwa watoto wadogo, na maji ya kisima yapimwe kabla watu hawajaanza kuyanywa. Ajabu ni kwamba floridi hiyohiyo, kidogo ndani ya dawa ya mswaki, ndiyo inayolinda jino lisitoboke. Kwa mtoto mdogo weka kiasi cha punje ya choroko, ateme, asimeze.

Jambo lingine ni “meno ya plastiki.” Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, fizi imetuna ambapo chonge inajiandaa, na jirani anasema ana meno ya plastiki, apelekwe kwa mtu akayatoe. Yanachimbuliwa kwa spoku ya baiskeli au kisu. Mama zangu, ile ni mbegu ya jino halisi. Mtoto anapoteza damu, anaingizwa uchafu, na la ukubwani chini yake linaweza kuharibika kabla hata halijaota. Kuharisha kwake kunaendelea palepale. Nalitaja kwenye mhadhara wa bima kwa sababu moja: mama mwenye kadi hai mkononi anapoona mtoto anaharisha usiku, mguu wake wa kwanza unaelekea zahanati. Asiye na kadi wala fedha anaelekea kwa jirani.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nafunga. Nilipoanza niliwaahidi njia ya kupima, nayo ni hii. Bima ya meno ina thamani pale inapokufikisha kwenye kiti mapema, mwezi ambao huna fedha, mahali ambapo kuna mtu wa kuziba. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, thamani yake inashuka. Vikikosekana vyote, umenunua karatasi.

Maombi yangu matatu. La kwanza ni kwa viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika. Msimu ujao, siku ya malipo, wekeni meza ya uandikishaji wa bima jirani na meza ya mhasibu. Asikatwe mtu bila kuridhia, lakini asiambiwe arudi wiki ijayo, maana wiki ijayo fedha itakuwa imeshapata kazi nyingine.

La pili ni kwa madiwani na wote watakaoulizwa maoni kuhusu kitita cha bima ya wote. Msitosheke na maneno “huduma za kinywa na meno.” Ulizeni kama kuziba kumo, kisha ulizeni vituo vya afya vingapi vya halmashauri yenu vina kiti, mashine na mtu wa kuitumia. Kuandika fao ni kazi ya siku moja. Kulipeleka hadi Meatu ni kazi ya bajeti tatu.

La tatu ni kwa kila mzazi, nalo halina mchango. Mtoto akifika mwaka wa sita hivi, kuna jino linaota nyuma kabisa, halisukumi lingine, halitanguliwi na kung'oka. Wazazi wengi tunadhani ni la utoto, tunaliacha lioze tukisema litaota jingine. Halioti jingine. Ndilo gego la kwanza la ukubwani, na ndilo linalotakiwa kutafuna ugali mpaka uzeeni.

Kwa hiyo usiku wa leo, baada ya chakula, mketishe mtoto, washa tochi ya simu. Anzia jino la mbele, katikati, hesabu kwenda nyuma: moja, mbili, tatu, nne, tano. La sita ndilo hilo, lililokuja mwaka wa sita. Ukiona kidoa cheusi juu yake, hakijaanza kuuma, bado ni ngazi ya chini, na tuko Machi. Mmeshajua Machi mfuko ulivyo. Mwenye kadi hai ataondoka naye kesho asubuhi.